Ngozi ya Barone

Kwa miaka mitatu Egidio Lauletta aliuliza habari za beberu mmoja kama vile mtu anavyomjulia hali mjomba tajiri asiye na watoto.

"Barone hajambo?" angeuliza kila mara Canio aliposhuka kutoka mlimani kuleta jibini.

"Hajambo kabisa. Jana kapanda mwamba wa juu, kaukojolea mji wenu wote. Vuta subira, compà."

Compà ndivyo walivyoitana, kwa sababu Canio ndiye aliyemsimamia bintiye Egidio siku ya ubatizo, na katika vijiji vya mlima Pollino ukishamshika mtoto wa mwenzako juu ya yale maji, majina yenu ya kawaida mnawaachia watu wengine. Canio alikuwa mchungaji, mrefu, mkavu kama fimbo yake. Egidio alikuwa mfupi, mwenye mashavu ya kuvimba, na mashavu yale hakuzaliwa nayo, yalikuja na kazi.

Watu wa Serravuota walicheka sana. Pale baani walisema Egidio anasali rozari ili beberu afe. Mkewe, Incoronata, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Mimi nikiumwa," alisema, "bwana huyu haulizi hata kama nimekunywa maji. Beberu akikohoa kule juu, yeye huku hapati usingizi."

Lakini Egidio hakumtakia Barone mabaya. Alikuwa fundi wa zampogna, lile zumari la mfuko wa ngozi lisilokosekana kwao kwenye harusi, kwenye maandamano ya watakatifu, wala Krismasi. Karakana yake ilikuwa chini ya nyumba, palipokuwa zamani zizi la punda, na mpaka leo mvua ikinyesha, harufu ya punda inarudi. Kwenye droo ya meza yake, ndani ya kitambaa chenye mafuta, zililala filimbi nne za mti wa mzeituni, rangi ya asali iliyoungua kidogo. Zilikuwa za baba yake. Mbili zina matundu ya vidole, nazo ndizo zinazoimba wimbo. Mbili hazina tundu hata moja, kazi yake ni kuvuma tu, kila moja na sauti yake ileile, mwanzo hadi mwisho. Mfuko wa filimbi hizo ulipasuka siku moja katikati ya maandamano ya Bikira wa Theluji, ukatoa sauti ambayo padre alijifanya hakuisikia. Tangu siku hiyo filimbi zile zilikuwa bubu.

Angeweza kuzifungia mfuko mwingine hata kesho yake. Ngozi za mbuzi alikuwa nazo tele, na aliwatengenezea watu hadi wa pwani. Ila filimbi za baba hazikuwahi kuvaa ngozi ya mbuzi hivihivi. Kule kwao beberu aliyeongoza kundi haliwi. Huachwa azeeke kwa heshima zake, na siku akifa, ngozi anapewa mpiga zumari, ili kundi liendelee kumsikia. Na lazima afe mwenyewe. Beberu wa kuchinjwa ana tundu shingoni, tena palepale panapofungwa filimbi. Zaidi ya hapo, watu wanaamini kabisa kwamba ngozi iliyopitiwa na kisu inapiga kelele, haiimbi. Hebu fikiria basi, mtu mzima na akili zake, fundi anayesifika, anakaa miaka mitatu akimsubiri mbuzi mmoja amalize uzee wake!

Na mbuzi mwenyewe alikuwa hana haraka.

Mwaka ule majira ya kuchipua yalileta mvua za kupasua barabara, kisha kiangazi kikakausha kila kitu, mpaka mbuzi wakawa wanang'oa nyasi na mizizi na udongo wake. Katikati ya Agosti, mchana wa jua kali, kigari cha Canio kilisikika kikipiga honi tangu kwenye kona ya makaburi. Kilisimama mbele ya karakana, Canio akaruka nje, kofia mkononi.

"Amekufa!" alipiga kelele kama aliyepata mjukuu. "Compà, amekufa! Tena amekufa mwenyewe!"

Wakakumbatiana katikati ya barabara. Halafu, walipoona dirisha la jirani limefunguka, wakaona haya, wakaachiana, na Canio akavaa kofia ili apate kuivua vizuri, kwa huzuni.

"Aliugua?" Egidio aliuliza.

"Augue nini! Jioni alimpiga kumbo mbwa. Asubuhi nimemkuta kando ya chemchemi, amelala, tumbo limejaa kama ngoma. Damu kidogo puani, nyeusi, haigandi. Nyoka huyo. Kamwuma wakati anakunywa."

"Masikini Barone."

"Masikini. Lakini tazama hii!"

Akafungua gunia. Ngozi ilikuwa imevuliwa nzima, kama soksi, bila mchano, bila tundu, shingo yake pana imebaki mviringo. Canio alikuwa ameichuna peke yake, polepole, mikono ndani mpaka kwenye viwiko, akaipaka chumvi ya kutosha kikosi cha jeshi. Mwili aliufunika kwa mawe. Egidio aliishika ngozi ile kama mtu anavyopokea mtoto. Incoronata, aliyekuwa mlangoni na mwiko mkononi, kwa mara ya kwanza hakumcheka.

Siku zilizofuata Egidio alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mkoani. Aliiloweka ngozi kwenye beseni la maji ya chumvi na shabu, akaikanda, akaigeuza, akainyoa manyoya ingali mbichi na maji yake, akaacha mafupi tu, kwa sababu zampogna huvaa manyoya kwa ndani, yapate kunywa unyevu wa pumzi. Aliimba akifanya kazi. Aliongea na ngozi. "Geuka bwana mkubwa, geuka, bado ubavu." Incoronata naye aliteremka jioni kujaribu filimbi moja moja kwa mdomo, maana yeye ndiye mwenye sikio. Miaka yote ya ndoa yao mume alichonga, na mke akasema "bado", mpaka aliposema "haya". Ngozi yenyewe hakuigusa. Hakupenda harufu yake.

Ilibaki pumzi ya kwanza. Hiyo hupulizwa mbele ya mwenye mbuzi, kisha wanakunywa. Walipanga Jumapili, baada ya misa, ili ifikapo sikukuu ya Bikira wa Theluji mwezi Septemba, Barone awe tayari kutangulia maandamano kama alivyozoea kutangulia kundi.

Jumapili hiyo Canio alikuja amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vimebanwa mpaka mwisho. Joto lilikuwa la kuoka mkate juu ya paa. Incoronata alikuwa ameandaa jibini, mkate, na zile pilipili kavu za kukaanga zinazovunjika mdomoni kama vioo vitamu.

"Compà, kunja mikono ya shati, unatoka jasho mpaka masikioni," alimwambia.

"Niko sawa, commà."

"Uko sawa nini. Njoo unawe."

Akamshika kiwiko, kama anavyomshika kila mtu mezani kwake, akauvuta mkono wa shati juu.

Kwenye mkono wa Canio, chini kidogo ya kiwiko, kulikuwa na kidonda cha duara. Katikati kilikuwa cheusi, cheusi kabisa, kama mtu amebandika kipande cha mkaa. Pembeni kilizungukwa na vilengelenge vidogo, na mkono mzima umevimba.

"Kinauma?" Incoronata aliuliza.

"Hata! Ndiyo maana nasema si kitu. Bonyeza uone. Mimi nimeumwa na meno, nimeumwa na mgongo, hiki hakiumi kabisa. Kilianza kama nimeng'atwa na mbu."

"Lini?"

"Siku mbili tatu baada ya Barone."

Egidio alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ngozi iko mapajani, mguu mmoja wa mbele wa Barone, ule wa kupulizia, tayari uko kwenye ncha ya midomo yake. Mashavu alikuwa ameshayajaza. Akayaacha yapungue polepole, bila kupuliza. Alikitazama kile kidonda, akaitazama ngozi, na kwa mara ya kwanza akaisikia harufu yake.

"Commà wako huyu aliniambia jana," alisema, "kwamba kule Valle wamekufa ng'ombe wawili. Ghafla. Damu puani."

"Valle ni Valle," Canio alisema haraka. "Huku ni nyoka."

"Ulimwona huyo nyoka?"

"Egidio! Nyoka anaonekana? Kazi yake si kujificha?"

"Naitwa Egidio leo?"

Canio akasogeza kiti karibu, akapunguza sauti, ingawa mle ndani walikuwa watu watatu tu.

"Sikiliza. Ukimwita yule daktari wa mifugo, ataniuliza nani kachuna. Mzoga ilikuwa nitoe taarifa, sikutoa. Watanifungia kundi machungani. Maziwa yote yatamwagwa. Na ngozi hii, compà, wataichoma. Unanielewa? Watamchoma Barone. Mwingine wa kumsubiri humwoni, wale mabeberu wangu vijana wote ni vichwa maji. Puliza, tunywe, na mimi kidonda changu nakijua mwenyewe."

Hapo ndipo mambo yalipokaa. Egidio aliijua thamani ya kitu kilicho mapajani mwake. Ilikuwa ngozi nzuri kuliko zote alizopata kushika, nyororo, nene panapotakiwa, shingo kama imepimwa kwa ajili ya zile filimbi za baba. Alitamani kupuliza. Midomo ilimwasha. Na alijua kwamba akiiweka chini hataiinua tena.

Akaiweka chini.

"Incoronata, leta simu."

"Compà," Canio alisema.

"Kama ni nyoka, atasema nyoka, tutamcheka. Lakini mkono huo, compà, mimi sikwenda na wewe ubatizoni ili nikuzike."

"Usiniite compà," Canio alisema, akachukua kofia yake. Hakufika mbali. Incoronata alikuwa ameshasimama mlangoni, na mlango wa zizi la punda haupitishi watu wawili.

Daktari Ersilia, yule wa mifugo, alikuja na gari la wilaya, suruali ya harusi na viatu vya matope. Alikuwa amekatizwa kwenye sherehe ya binamu yake. Alikiangalia kile kidonda kwa mbali, akavaa glavu, akakiangalia kwa karibu, na uso wake wote ukabadilika.

"Nani amesema nyoka?"

"Mimi," Canio alisema kwa sauti ndogo.

"Nyoka huyu ana jina. Nitapeleka vipimo, lakini mimi naweka mkono wangu mezani kwamba ni kimeta. Wewe unakwenda hospitali sasa hivi, si kesho."

"Lakini hakiumi, daktari!"

"Hicho ndicho kinachoniogopesha. Kingekuuma ungekuja zamani." Akageuka kwa Egidio. "Na wewe? Umefanya nini na hiyo ngozi?"

"Nimeikanda. Nimeinyoa ikiwa mbichi. Nilitia chumvi na shabu."

"Chumvi? Vijidudu hivi chumvi vinailamba." Daktari akachuchumaa, akaongea kama mwalimu anayelipenda somo lake hata pale linapotisha. "Vijidudu vya kimeta vikikosa mnyama vinajifunga kama mbegu, vinalala udongoni. Miaka mingi. Labda pale kwenye chemchemi aliwahi kuzikwa ng'ombe enzi za babu yako. Mvua inavitoa chini, ukame unawafanya mbuzi wale mpaka udongo. Basi. Jioni mzima, asubuhi maiti. Ndiyo maana mnyama akifa ghafla hachunwi, hapasuliwi, haguswi. Ninapigiwa simu mimi, hata kama niko harusini."

"Ulipuliza?" daktari aliuliza ghafla, akiinuka. "Hii ngozi, uliipuliza?"

"Bado," Egidio alisema. "Nilikuwa karibu."

Daktari Ersilia alimtazama yule mzee mfupi mwenye mashavu, akavuta pumzi ndefu, kama vile anaivuta kwa niaba yake.

"Mkononi kimeta kinatibika vizuri," alisema. "Kifuani ni habari nyingine. Ungejaza mfuko pumzi, nao ungekurudishia pumzi na kila kilichomo kwenye manyoya. Shukuru kwamba mkeo anapenda watu wanawe."

"Miaka yote hii naambiwa nina kero," Incoronata alisema.

Vipimo vilipokuja, daktari alikuwa amesema kweli. Ngozi ilichomwa mlimani pamoja na mzoga, na chokaa ikamwagwa pale, ukawekwa uzio. Beseni, visu vya kunyolea na kigoda navyo vikaenda. Karakana ilipuliziwa dawa mpaka harufu ya punda ikahama kwa muda. Egidio na Incoronata walipewa vidonge vya kumeza wiki nyingi, vikubwa kama maharage, na kijiji kikaelezwa kwamba ugonjwa huu hauruki kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvuka barabara ukimwona Canio. Wengine waliendelea kuvuka.

Canio alilazwa hospitali ya mjini. Egidio alimpigia simu, hakupokea. Incoronata alipiga, Canio akapokea, akauliza habari za kila mtu nyumbani, hata paka, akaruka jina moja.

Basi siku ya kuchanja kundi, Egidio alipanda mlimani. Mbuzi hawakuwa na mtu wa kuwashika. Daktari alikuwa na sindano, lakini mbuzi wa Pollino haji mwenyewe kuchomwa. Egidio, ambaye maisha yake yote alishughulika na mbuzi wakiwa ngozi tu, aligundua siku hiyo kwamba wana pembe. Alipigwa kumbo, akaangushwa, akaburutwa. Mmoja alimlamba sikio. Jioni alikuwa amewashika wote, suruali imechanika, anacheka peke yake kama kichaa, na daktari Ersilia anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa koti.

Canio alirudi mwanzoni mwa Septemba na bandeji mkononi, gaga jeusi linabanduka polepole. Alikwenda machungani kwanza. Aliwahesabu mbuzi wake, akawakuta wote. Jioni alisimama mlangoni pa karakana.

"Nasikia uliangushwa na Contessa."

"Yule ni Contessa? Mimi nilidhani ni trekta."

"Mbuzi mpole kuliko wote."

"Ulimfundisha nini?"

"Nilimwambia akikuona akusalimie." Canio akaingia, akatafuta kigoda, hakukiona, akakaa juu ya gogo. "Pale hospitali nimelazwa chumba kimoja na mzee mmoja wa Valle. Yeye alichelewa zaidi yangu. Mkono wake, compà... basi tu. Atapona, lakini mkono wake."

Egidio aliendelea kusugua kipande cha mbao ambacho kilikuwa kimeshasuguka.

"Sikukuu ni Jumapili," Canio alisema. "Filimbi zitabaki bubu tena?"

"Zina mfuko?"

"Si ungefunga ngozi nyingine. Ile ya dukani."

"Siwezi. Kila nikiishika ngozi sasa hivi nasikia harufu ile. Labda Krismasi."

Ni Incoronata aliyefungua droo. Alikuwa amekuja na kahawa, akaiweka, akafungua kile kitambaa chenye mafuta, akazipanga filimbi zote nne mezani, kwanza zile mbili za kuimba, kisha zile mbili za kuvuma. Filimbi hizi hazikuwahi kuigusa ngozi ya Barone. Alichukua moja, akaiweka mdomoni kama alivyofanya mara elfu akizijaribu, akaipuliza. Ilitoa sauti safi, ya kati, yenye ukali kidogo mwishoni.

"Kazi ya mfuko ni pumzi," alisema. "Sisi hatuna pumzi?"

Wanaume wakatazamana.

Jumapili ile, mbele ya sanamu ya Bikira wa Theluji, walitembea watu wanne. Egidio alipuliza filimbi kubwa ya kuimba, Incoronata ile ndogo. Canio alipewa moja ya kuvuma. Ya nne haikuwa na mtu mpaka mlangoni pa kanisa, ndipo daktari Ersilia, aliyekuwa amekuja kuondoa karantini ya kundi, akasukumizwa mbele. Alisema hajui kupiga chochote. "Hii haihitaji kujua," Egidio alimwambia. "Sauti moja tu. Usikate."

Kutokata ndiko kulikokuwa kazi. Kila wakivuka nyumba mbili tatu, mmoja aliishiwa. Canio akiwa mwekundu kama pilipili alitoa filimbi mdomoni, akahema, "Yule mbuzi angeifanya kazi hii bila kulalamika?" na sauti ikapwaya, na watoto wakapiga kelele, "Canio kapasuka! Canio kapasuka!" Egidio hakuweza kumjibu kwa sababu mdomo wake ulikuwa na kazi, ila macho yalimcheka mpaka wimbo ukayumba.

Wabebaji wa sanamu ikabidi wapunguze mwendo. Halafu ikabidi wasimame kabisa, kila baada ya kona, mpaka wapigaji wanne wapate pumzi. Maandamano ya saa moja yakala mchana wote. Mbele ya baa, padre alijifuta jasho, akawatazama wale wanne walioegemea ukuta wakihema, akainua mkono.

"Haya," alisema. "Tena."

Canio akaitia filimbi mdomoni kabla ya wenzake.